Mapepe ya pilipili manga: shajara ya manukato kutoka Amani

Mradi wenyewe

Natengeneza mafuta ya kujipaka yenye harufu ya pilipili manga. Si sabuni, si udi, wala si dawa ya kuchulia magoti. Ni manukato ya shingoni na kwenye vifundo vya mikono, ya kuvaa mtu akaenda nayo harusini au kazini. Huku Tanga, kama ilivyo ng'ambo kule Unguja na Pemba, anayegusa habari za manukato hukimbilia asumini, langilangi, karafuu na udi. Sina ugomvi na hizo, nimelelewa nazo. Lakini pilipili manga tunayo hapo juu Amani, wilayani Muheza, na mwisho wake ni pilau, supu na chai ya viungo, basi. Wenzetu wa Ufaransa wanaitia kwenye chupa za bei mbaya, hasa za wanaume, kwa sababu harufu yake ni kavu, inaamka haraka, na haifanani na maua.

Kila niliyemweleza alianza na swali lilelile: haitawasha? Haiwashi. Ukali wa pilipili manga unatokana na piperini, kitu alichokitenga mwanasayansi wa Denmark, Hans Christian Ørsted, mwaka 1819. Piperini haipandi na mvuke. Ukikeneka pilipili, yaani ukiipiga mvuke kisha ukaupoza uwe matone, harufu inaondoka na mvuke na ukali unabaki chunguni pamoja na makapi. Mafuta yanayotoka unaweza kuyapaka juu ya mdomo, yakiwa yamezimuliwa, na usisikie kitu ila harufu.

Bajeti ni ndogo. Mtambo mmoja wa kukenekea, pilipili kilo chache, chupa ndogo za kioo zenye kijigololi mdomoni, na vitu vya kuchanganyia kutoka kwa muuza manukato wa mjini. Lengo ni kufikia chupa moja ambayo shangazi yangu wa Ngamiani, msingaji wa maharusi wa mtaa mzima, ataipaka mbele za watu bila kunionea huruma.

Jumamosi, Amani

Nimepanda Amani kufuata mzigo. Barabara ya kutoka Muheza inaanza na joto la minazi na michungwa, halafu inajikunja kwenye msitu, na ukifika juu unatafuta koti. Wajerumani walianzisha hapa kituo chao cha utafiti wa baiolojia na kilimo mwaka 1902, wakawa wanapanda mimea ya kila pembe ya dunia kuona itakayokubali. Mpilipili manga asili yake ni pwani ya Malabar, India ya kusini magharibi, na mvua na kivuli cha Usambara Mashariki vinaufaa kabisa. Iliki, mdalasini na karafuu navyo viko hukuhuku, mara nyingi kwenye shamba moja.

Mwenyeji wangu ni mzee mmoja wa Kisambaa ambaye mipilipili yake imepanda kwenye mifenesi na miti ya glirisidia. Mmea wenyewe ni mtambaazi, unaushika mti kwa vijizizi vya kwenye pingili na kupanda juu kuliko ngazi. Matunda yanakaa kwenye mashuke marefu kiasi cha kidole, yakining'inia nyuma ya majani. Kanuni anayoifuata mzee ni kuchuma shuke zima mara punje moja au mbili zinapoanza kugeuka nyekundu, zilizobaki zikiwa bado kijani lakini zimekomaa. Zikianikwa kwenye turubai zinajikunja na kuwa nyeusi zenyewe, hakuna rangi inayotiwa.

Hiyo ndiyo kanuni. Kinachofanyika mara nyingi ni kuchuma kabla. "Ukisubiri mpaka ziwe nyekundu, mwizi anakutangulia," mzee aliniambia. "Mwizi hajui kungoja." Ukiacha wezi, kuna ada za shule, kuna msiba, kuna duka la dawa. Basi pilipili changa inachumwa pamoja na iliyokomaa, na ikikauka unapata gunia lenye punje za aina mbili. Kuna nzito zilizojaa, na kuna nyepesi, zenye makunyanzi mengi, ukizibana kwa kucha zinavunjika na ndani hamna kitu. Mama mwenye nyumba anazipeta kwa ungo asubuhi mpaka adhuhuri, nzito zinabaki, nyepesi zinaruka mbele. Wanaziita mapepe, kama mapepe ya mpunga.

Mnunuzi hayataki mapepe. Anakuja na kopo la lita moja, analijaza, anaweka kwenye mizani. Hata biashara ya kimataifa inakwenda kwa kipimo hichohicho, gramu kwa lita, na ile pilipili ya gramu 500 au 550 kwa lita ndiyo inayotajwa kwenye bei za Vietnam, nchi inayozalisha nyingi kuliko zote. Mapepe yakiwemo, kopo linakuwa jepesi na bei ya gunia zima inashushwa. Kwa hiyo mama anayatenga, yanalala kwenye kona ya jiko, mengine yanamwagwa shambani, mengine anakuja mtu na kuyachukua kwa bei ya bure akasage unga wa viungo.

Nilichota kiganja cha mapepe nikasugua. Harufu iliyotoka ilikuwa kali kuliko ya zile nzito. Nikarudia kwa nzito, nikarudia kwa mapepe, mama ananitazama kwa mashaka. Nikamwomba aniuzie gunia dogo la mapepe pamoja na kilo za pilipili nzuri nilizofuata. Alicheka, akamwita mume wake aje asikie.

Kwa nini mapepe

Nimesoma kidogo usiku, na kile kiganja kina maelezo yake. Mafuta ya harufu ya pilipili manga yanakaa zaidi kwenye nyama ya nje ya tunda, ile inayokauka na kuwa ganda jeusi. Kiini cheupe cha ndani kwa sehemu kubwa ni wanga. Punje ikikomaa inajaza wanga, uzito unaongezeka, mnunuzi anafurahi, lakini sehemu ya mafuta kwa kila kilo inapungua. Punje changa ina ganda na haina wanga wa maana. Ndiyo maana viwanda vikubwa vya kukamua mafuta ya pilipili huko India vinanunua kwa makusudi punje nyepesi. Pilipili nyeupe, iliyoambuliwa ganda lake, ndiyo masikini wa mafuta kuliko zote, ingawa jikoni inauzwa ghali.

Hapa mradi umebadilika sura. Nilikuwa natafuta pilipili bora kwa maana ya sokoni. Sasa nitakeneka mafungu mawili kando kando, zuri na mapepe, kwa uzito uleule, moto uleule, nione.

Kabla ya hapo, uchunguzi mdogo. Nimenunua pia pakiti ya pilipili manga sokoni Tanga kwa ajili ya kulinganisha, nikaitia kwenye bakuli la maji. Zilizoelea nilizivunja moja moja. Baadhi zilikuwa mapepe ya kawaida, na baadhi zilikuwa mbegu za mapapai zilizokaushwa: umbo la yai kidogo, makunyanzi yake hayana mpangilio wa wavu, na ukiivunja hupati harufu ya pilipili. Ujanja huu ni wa miaka mingi, Wahindi wanaulalamikia kama sisi. Ila maji peke yake hayatoshi kumhukumu muuzaji, kwa sababu mapepe nayo huelea. Lazima uvunje, unuse.

Mtambo

Fundi wangu ni wa kuchomelea mageti. Nimempelekea sufuria la stenlesi la lita ishirini lenye mfuniko mzito, akatoboa mfuniko, akaunga bomba la shaba, akalizungusha mviringo ndani ya ndoo ya maji baridi. Ndani ya sufuria kuna kichanja cha stenlesi kinachoinua pilipili zisiguse maji, ili zipigwe na mvuke tu, zisichemke. Mdomo wa mfuniko unazibwa kwa donge la unga wa ngano. Fundi alitaka kuweka mpira, nikakataa, maana mafuta ya namna hii yanakula mpira na plastiki laini, na harufu ya mpira ikiingia haitoki. Chini, pale matone yanapoanguka, nimeweka chupa nyembamba ya kioo yenye kibomba pembeni cha kumwaga maji yanapozidi.

Chupa hiyo ilinitatiza kidogo kimawazo, kwa sababu michoro niliyokuwa nayo ni ya karafuu, na mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama. Ya pilipili manga yanaelea, mililita moja haifiki gramu 0.9. Kibomba kinatakiwa kuchota maji kutoka chini, si juu.

Nimeuweka uani. Jiko ni la gesi, kwa sababu kuni zinatia moshi kwenye kila kitu na moto wake hausikii amri.

Jumatano, mwenyekiti wa mtaa

Leo nimejaribu mtambo kwa maji matupu kuona kama donge la unga linashika. Linashika. Mvuke ukapanda, bomba likaanza kudondosha, ndoo ikawa vuguvugu, na kabla saa moja haijapita mwenyekiti wa mtaa akabisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hapa kuna mtambo."

Sufuria, bomba la shaba, ndoo ya maji, chupa chini. Mtu yeyote aliyekulia nchi hii akiona vitu hivyo vinne pamoja anajua jina la kinachopikwa, na kinachopikwa ni marufuku. Nikamkaribisha aketi, nikamfungulia gunia, nikamwonyesha kwamba ni maji tu. Akachovya kidole, akaonja, akatikisa kichwa. Akataka kujua ni kwa nini mtu na akili zake avukize pilipili. Nilimweleza habari ya manukato, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema atarudi siku nitakayopika kweli, "ili nije ninuse, si kwa ubaya." Naye alirudi.

Mafungu mawili

Pilipili inatwangwa dakika ya mwisho, kwenye kinu, iwe chenga chenga. Ukiisaga unga, mvuke unatafuta njia moja ya mkato na kuacha madonge makavu pembeni. Ukiitwanga jana, nusu ya harufu ya juu inakuwa imeshaondoka zake. Nilikuwa natwanga huku maji tayari yanachemka, na majirani wanapiga chafya uani kwao.

Nilianza na kilo 3 za pilipili nzuri. Matone ya kwanza yalikuwa meupe kwa ukungu, yakatulia polepole, na juu yake ikaanza kujitenga pete nyembamba isiyo na rangi. Nikachovya kipande cha karatasi ngumu, nikanusa. Haikuwa pilipili. Ilikuwa utomvu wa msonobari na ganda la limau, kitu cha kufungua pua. Hizo ni pinini, sabinini na limonini, molekuli nyepesi zinazotangulia kila mara. Mtu akizima moto hapo anapata mafuta mengi kwa haraka, yenye kung'aa, na yasiyo na pilipili ndani yake.

Saa ya pili na kuendelea karatasi zilibadilika. Ukali wa limau ukashuka, ukaja ukavu wa mbao, kama ndani ya sanduku la zamani, na nyuma yake ile harufu ya pilipili yenyewe unayoijua ukifungua kopo jikoni. Sehemu kubwa ya ukavu huo ni kariofilini, ambayo karafuu nayo inayo. Matone ya mwisho yalikuwa haba lakini mazito ya harufu, na nilibishana na nafsi kuhusu gesi mpaka alasiri. Niliyaacha yaendelee. Kuna molekuli iitwayo rotundoni ambayo ndiyo hasa inayobeba harufu ya pilipili. Wanasayansi wa Australia waliitambua mwaka 2008 wakati wakichunguza mvinyo wa zabibu za Shiraz, na katika utafiti huohuo ikaonekana imo kwa wingi kwenye pilipili manga. Ni nzito, haina haraka ya kupanda na mvuke. Mwenye kuzima mapema anaiacha chunguni.

Siku iliyofuata, kilo 3 za mapepe, vilevile.

Nina mizani ndogo ya sonara, si maabara. Pilipili nzuri ilitoa gramu 49 za mafuta. Mapepe yalitoa gramu 84. Vitabuni wanasema pilipili manga hutoa kati ya asilimia 1 na 3 na nusu, basi yote mawili yamo ndani ya mipaka, moja chini chini na jingine juu. Nilitarajia tofauti, sikutarajia iwe kubwa kiasi hiki, na nitarudia kwa mzigo mwingine kabla ya kuitangaza kwa mtu anayenunua kwa pesa.

Harufu nazo zina tofauti. Ya pilipili nzuri ni ya mviringo, tulivu. Ya mapepe ina ukijani, inakata, kama umevunja jani. Kwa pilau ningechagua ya kwanza. Kwa shingo, nachagua mapepe.

Zote mbili, siku ya kwanza, zilikuwa na harufu mbaya kidogo ya mboga zilizochemshwa kupita kiasi. Mafuta yaliyotoka chunguni ndivyo yalivyo. Niliacha chupa wazi chini ya kitambaa kwa siku kadhaa na ile mboga ikaondoka.

Makapi

Sikutaka kutupa makapi, na yako mengi. Nimeyaanika, nikampa mama ntilie wa kona ya barabara ajaribu kwenye supu. Majibu yake aliyaleta mwenyewe jioni: "Dada, hii inawasha vizuri tu, lakini hainukii. Wateja wananiuliza nimetia nini." Piperini yote imo humo. Anayechukua sasa ni jirani mwenye bustani ya mchicha. Anayamwaga kuzunguka matuta akiamini yanafukuza wadudu. Sijaona ushahidi wala sijamzuia.

Ngamiani, kwa shangazi

Nilipeleka chupa mbili na karatasi za kunusia barazani kwa shangazi, Ijumaa baada ya chakula. Walikuwepo na wenzake, watu wazima, wajuzi wa tibu na liwa, ambao wakinusa kitu wanakwambia kimetiwa nini na kimetiwa kwa uroho kiasi gani.

Wengi waliitambua pilipili bila kuambiwa, wakacheka, wakatafuta pilau iko wapi. Mmoja, jirani wa siku nyingi, alisema yeye anasikia ndimu na miti, pilipili haisikii hata akiigandamiza karatasi puani. Wenzake walimtania kwamba pua imezeeka. Ila pua yake haina kosa: wale wa Australia waliona kwamba kama mtu mmoja kati ya watano hawezi kabisa kuisikia rotundoni, hata ikiwa nyingi. Nilipowaeleza, mwanamke huyo alitwaa ushindi wake na hakuurudisha jioni nzima.

Hili nimelichukulia kwa uzito. Kama mteja mmoja kati ya watano hatasikia pilipili ndani ya manukato ya pilipili, basi chupa lazima iwe na maana kwake pia. Lazima ile ndimu na yale mbao vijitosheleze.

Hukumu ya shangazi ilikuwa fupi. "Inaingia vizuri, haikai. Mgeni gani huyu asiyevua viatu?" Ni kweli. Pinini na limonini zinaruka haraka, na mafuta ya pilipili peke yake yanakuaga kabla hujafika uendako.

Kuchanganya

Swali la kwanza ni mafuta ya kubebea. Spiriti ndiyo njia ya Ulaya, lakini wateja ninaowataka wengi hawajipaki spiriti, na harufu iliyomo kwenye mafuta inatoka polepole, jambo linalonisaidia. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani nimeyaacha: yana harufu yake, na yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Tanga hilo si tatizo. Lushoto au Arusha mteja angepata chupa ya samli. Nimechukua mafuta ya nazi yaliyotenganishwa kiwandani, yale yasiyoganda wala kunuka.

Kwa karafuu, ndoa haikufaa. Nilidhani kwa kuwa zote zina kariofilini zitaelewana, lakini eugenoli ya karafuu inatawala chumba chote, tone moja na pilipili haipo tena. Inabaki harufu ya dawa ya meno na msimu wa mavuno Pemba. Langilangi ilivuta upande wa pili, utamu mwingi, pilipili ikaonekana kama mtu aliyekosea harusi. Shangazi aliipenda hiyo. Nimemwachia chupa.

Ubani ndio ulioshika. Mafuta ya ubani wa Somalia yana pinini na limonini kama pilipili, kwa hiyo huwezi kusema moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi, na ubani una ule utomvu wa kanisa na chetezo unaobaki nguoni. Juu yake nimetia waridi kidogo, kwa sababu waridi na pilipili ni urafiki wa siku nyingi katika ufundi huu: pilipili inalifuta waridi ule ubibi, na waridi linaitoa pilipili jikoni. Chini nimetia pachuli, mafuta ya majani yenye harufu ya udongo. Pilipili ni gramu 3 katika kila gramu 100 za mafuta yaliyokamilika, na siipandishi zaidi.

Mahali pa pachuli palikuwa pa sandali. Nimeghairi. Kuna mafuta ya msandali wa Afrika Mashariki yanayozunguka kwa bei nafuu na bila maelezo, na mti huo, Osyris lanceolata, umekuwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2013 kwa sababu unang'olewa mpaka mizizi. Muuzaji akishindwa kuniambia mafuta yake yametoka wapi, siyatii kwenye chupa yangu.

Jambo la pembeni, kwa kuwa nimeshaulizwa tayari: pilipili ya waridi, zile punje nyekundu nyekundu ambazo manukato mengi ya sasa yanajisifia tangu Estée Lauder walipotoa Pleasures mwaka 1995, si pilipili manga. Ni tunda la Schinus, mti wa Amerika Kusini wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Binamu yake, Schinus molle, umepandwa sana Nairobi na Arusha kwa ajili ya kivuli, matawi yamelegea kama nywele. Harufu yake ni nzuri. Huenda ikawa mradi mwingine wa mtu mwingine.

Kuhifadhi

Adui wa mafuta haya ni hewa. Limonini na pinini zikikaa na hewa na mwanga zinageuka peroksidi, na hizo ndizo zinazowasha ngozi na kuleta mzio, si piperini ambayo kila mtu anaiogopa. Kanuni za IFRA, chombo cha kimataifa cha watengeneza manukato, zinataka malighafi yenye limonini iwe na peroksidi chini ya milimoli 20 kwa lita. Sina kipimo hicho uani, kwa hiyo nafanya ninaloliweza: chupa za kioo cheusi, zimejazwa mpaka shingoni, zinakaa kwenye friji chini ya mboga, na natia vitamini E kidogo. Sampuli itapimwa maabara kabla ya kuomba kibali. Vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na bila kibali chao sitauza. Kwa sasa nagawa kwa ndugu, na ndugu wanapiga chini au wanasifu bila kulipa.

Bei ya mapepe

Nimerudi Amani na chupa moja. Mzee alinusa, akampa mama. Mama akapaka nyuma ya masikio, akaendelea kupeta.

Suala lililonipeleka ni hili. Nikitangaza kwamba nanunua mapepe kwa bei nzuri, nitakuwa nimewalipa watu kuchuma changa, na mwizi naye nimemtafutia soko. Kilo moja ya mapepe ina punje nyingi kuliko kilo ya pilipili iliyojaa. Anayechuma mapema kwa makusudi anapoteza uzito ambao angeungoja wiki chache tu. Bei yangu ikikaribia ya pilipili nzuri, hesabu yake inabadilika, na mashuke mabichi yataanza kushuka mitini kabla ya wakati. Ikiwa chini sana, mama ataona heri ayamwage shambani kuliko kuyatunza makavu na safi.

Tumekaa nalo sana, chai imepoa. Tulipofikia ni kwamba nanunua mapepe kwa mkulima aliyeuza pilipili nzuri msimu huohuo, kwa kiasi kinacholingana na alichouza, na bei ni nusu ya ile ya pilipili nzuri ya wiki hiyo. Asiye na nzuri ya kuonyesha, sichukui mapepe yake. Mzee aliona nusu ni nyingi kwa kitu cha kumwaga. Mama aliona ni kidogo kwa kazi ya ungo, na ungo ni wake. Tukakubaliana kwamba pesa ya mapepe inakabidhiwa kwake mkononi, si kupitia kwa mzee. Mzee alinyamaza, kisha akauliza kama na makonyo ya mashuke nayo nayanunua.

Nimechukua mfuko wa hayo pia. Yamekauka, yana harufu hafifu, ya kijani zaidi kuliko mapepe. Yataingia chunguni Jumatatu, gesi ikiletwa.